Paul Robeson na mkasi ulioshikwa na wengine

Mwaka 1934, huko Shepperton, kando ya Mto Thames nje kidogo ya London, mafundi wa sinema walijenga kijiji cha Kiafrika. Waliezeka vibanda kwa nyasi, wakaleta mitumbwi, kisha wakaenda kutafuta watu weusi wa kukijaza. Waliwapata kwenye bandari za Cardiff, Liverpool na London, mabaharia na wapakuzi wa meli, pamoja na Waafrika wengine waliokuwa mjini wakihangaika na kodi ya chumba. Mmoja wao alikuwa Mkenya aliyetumwa Uingereza kupeleka malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi yao, wakati huo akiitwa Johnstone Kenyatta. Akavishwa uchifu, akaonyeshwa pa kusimama, akalipwa ujira wake. Steringi wa filamu hiyo alikuwa Mmarekani mweusi, pande la mtu, mwanasheria aliyeiacha sheria, mwimbaji ambaye kumbi za Ulaya zilijaa kumsikiliza. Jina lake Paul Robeson.

Filamu yenyewe, Sanders of the River, ilitoka mwaka 1935. Nimeitazama mara tatu, na kila mara nimeumia mahali tofauti. Inaanza kwa maandishi ya kuwasifu maofisa wachache wa Kiingereza wanaolinda amani ya mfalme wao kati ya mamilioni ya watu weusi. Halafu anaingia bwana shauri Sanders, kiko mdomoni, na mbele yake anasimama Bosambo, yaani Robeson, ngozi ya chui begani, akitabasamu na kubembeleza apewe uchifu. Sanders akienda likizo, uvumi unaenea kwamba amekufa na nchi nzima inawaka moto. Akirudi, watu wanatulia. Mwishoni Bosambo anapata ufalme kwa sababu alikuwa mtiifu.

Wanaoandika habari za Robeson wamezoea kuyakata maisha yake vipande viwili: kwanza msanii aliyependwa na dunia, baadaye mwanasiasa aliyechukiwa na serikali yake. Filamu zake huzitaja kwa kuzihesabu tu, kama vituo vya njiani. Mimi sikubaliani na mgawanyo huo. Naamini sinema ndiyo iliyomfundisha siasa, na ilimfundisha kwa kumdhalilisha. Kwenye sinema alijifunza kwamba mtu anaweza kuwa na sauti kubwa kuliko wote, sura inayojaza pazia na jina linalouza tiketi, na bado asiwe na neno lolote juu ya maana ya kile alichokifanya. Maana ilikuwa kwa mwenye mkasi, yaani anayeikata na kuiunganisha filamu.

Alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akaja kuwa mchungaji. Mama yake alikufa kwa ajali ya moto Paul akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, mtu mweusi wa tatu tu kuingia chuo hicho, na siku za mwanzo za mazoezi ya mpira wa Kimarekani wenzake walimvunja pua na kumkanyaga mkono kwa viatu vya njumu. Hakuondoka. Alimaliza mwaka 1919 akiwa ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya mahafali, na kwa misimu miwili alikuwa ametajwa kwenye timu bora ya taifa. Akasoma sheria Columbia. Alipoajiriwa katika ofisi ya mawakili, katibu mmoja alikataa kuandika maneno yanayotoka kinywani mwa mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake.

Nalitaja tukio la katibu huyo kwa sababu shida yake ilikuwa ileile iliyomwandama maisha yote, ya nani anayaandika maneno yake.

Filamu yake ya kwanza aliitengeneza na mwongozaji mweusi, Oscar Micheaux. Hiyo ni Body and Soul ya mwaka 1925, filamu bubu, ambamo anacheza mchungaji tapeli na pia kijana mwema. Hata huko mkasi ulikuwepo. Wadhibiti wa filamu wa New York waliikataa, na Micheaux akalazimika kuikatakata kabla ya kuruhusiwa. Mwaka 1933 ukaja The Emperor Jones. Robeson alikuwa steringi kamili, mtu mweusi ambaye jina lake liko juu ya majina ya wazungu, jambo ambalo sinema ya Marekani ilikuwa haijalizoea. Lakini wenye mamlaka walipoona picha za Fredi Washington, mwigizaji mweusi mwenye rangi nyeupe mno, waliogopa watazamaji wa kizungu wangemdhania mzungu aliyekumbatiwa na mweusi. Wakaagiza apakwe rangi ya kumtia weusi na vipande vyake virudiwe. Mtu mweusi anapakwa weusi ili asimwaibishe mweusi mwenzake! Robeson alikuwa hapo, amemkumbatia, akishuhudia.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna kanuni yetu: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, lakini atarudi. Robeson alikuwa steringi ambaye kanuni hiyo haikumlinda. Kwenye The Emperor Jones anapigwa risasi msituni. Kwenye The Proud Valley anafia mgodini. Kwenye Sanders anabaki hai, na bei ya uhai huo ni utiifu. Mtazamaji akitoka nje ya ukumbi amekwisha kujua mweusi wa aina gani anaruhusiwa kuuona mwisho wa hadithi.

Lakini nirudi kwenye kijiji cha Shepperton, maana hapo ndipo penye kiini.

Kwa nini mtu mwenye akili ya Robeson alikubali? Jibu si fedha peke yake. Miaka hiyo alikuwa ameanza kusoma lugha za Kiafrika kwenye taasisi ya lugha za Mashariki ya Chuo Kikuu cha London, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwake. Hilo linanigusa. Mjukuu wa watumwa anakaa darasani London akijifunza ngeli zetu, kwa sababu ameamini kwamba Afrika si shimo lisilo na utamaduni kama alivyoambiwa shuleni kwao. Mwaka 1934 aliandika waziwazi kwamba anataka kuwa Mwafrika. Katika hali hiyo mwongozaji Zoltan Korda anarudi kutoka Afrika, alikozunguka kwa miezi akirekodi ngoma, nyimbo na sherehe. Robeson alisikilizishwa rekodi hizo. Alisikia humo mambo aliyoyajua kutoka kanisani kwa baba yake. Akadhani hatimaye dunia itaonyeshwa Afrika yenyewe.

Iliyotoka ni nyingine. Ngoma za kweli zilibaki, lakini zikawekwa kama pambo la nyuma. Nyimbo anazoimba Bosambo zilitungwa na Mischa Spoliansky, mtunzi Myahudi aliyekimbilia London kutoka Berlin baada ya Hitler kushika madaraka. Ni muziki mzuri wa ukumbi wa Ulaya uliovishwa ngozi. Mtu aliyekuwa akijifunza lugha zetu kwa dhati aliishia kuimba Afrika iliyotungwa mezani.

Robeson baadaye alieleza kwamba sumu ya ukoloni iliingizwa wakati wa kuhariri, yeye akiwa amekwisha maliza kazi. Wapenzi wake wengi wamelipokea jibu hilo na kuridhika. Mimi naliamini nusu. Ni kweli kwamba uhariri hupindua maana: ukiweka uso wa mtu anayecheka baada ya picha ya bwana anayetoa amri, kicheko hicho kinakuwa unyenyekevu, hata kama alipochekea alikuwa na jambo lingine. Lakini mkasi hukata kitambaa kilichopo. Yale maneno ya kubembeleza aliyasema mwenyewe mbele ya kamera. Hadithi za mwandishi Mwingereza Edgar Wallace kuhusu Sanders, ambazo filamu ilizitegemea, zilikuwa zikiuzwa tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila aliyezisoma alijua bwana ni nani na mtwana ni nani. Marcus Garvey, Mjamaika aliyeongoza harakati za watu weusi, hakumwonea haya. Katika gazeti lake The Black Man alimshambulia Robeson kwa kulikodisha jina lake kubwa kwa picha zinazowadhalilisha weusi. Garvey alikuwa mkali kupita kiasi, ila kwa hili naona alikuwa na haki.

Ninachomvulia kofia Robeson ni kwamba hakubaki kwenye kisingizio. Alikuja kuikana filamu hiyo hadharani, na alianza kuutafuta mkasi wenyewe. Alipopewa Song of Freedom mwaka 1936 alidai kwenye mkataba haki ya kuidhinisha toleo la mwisho. Kwa mwigizaji mweusi wa wakati huo, dai hilo lilikuwa kubwa kuliko mshahara. Humo anacheza kuli wa bandari ya London anayegundua kwamba ni wa ukoo wa kifalme wa kisiwa cha Kiafrika. Ana mke anayempenda na nyumba yenye heshima, na majirani wa kizungu wanaongea naye kama jirani. Leo hayo ni ya kawaida, lakini mwaka 1936 mweusi aliyeonyeshwa akinywa chai na mkewe kwa amani alikuwa mapinduzi. Na bado, filamu inapofika kisiwani, wenyeji ni wajinga wanaomngoja mtu wa London aje kuwaponya. Ndipo ilipoonekana kwamba hata ukipewa haki ya kukubali au kukataa toleo la mwisho, aliyeandika hadithi amekutangulia.

King Solomon's Mines na Jericho, zote za mwaka 1937, sitazikalia sana. Jericho ilimpeleka Misri kwa picha za nje, akakanyaga ardhi ya Afrika. Mkewe Eslanda alikuwa amemtangulia: mwaka 1936 alimchukua mtoto wao wakasafiri Afrika Kusini na Uganda, akaandika kitabu juu ya watu aliowakuta. Ukitaka kujua nani katika nyumba ile aliiona Afrika kwa macho na kuieleza kwa maneno yake mwenyewe bila kuomba ruhusa ya studio, ni Eslanda.

Na Kenyatta? Mwaka 1938, miaka mitatu tu baada ya Sanders, alichapisha Facing Mount Kenya, kitabu kilichotokana na masomo yake ya anthropolojia kwa Malinowski. Kwenye picha ya kitabu hicho amevaa joho la ngozi begani, anapima ncha ya mkuki kwa kidole. Joho lilikuwa la kuazima, na mkuki ulikuwa mti uliochongwa. Picha ile ni maigizo kama yalivyokuwa maigizo ya Shepperton. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeamua mavazi, pozi na maneno yatakayozunguka picha ni mwenye sura. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jambo ninalolisema. Ngozi begani haikuwa aibu kwa yeyote kati yao, ila huko Shepperton ilivishwa kwa amri ya mwingine.

Filamu ninayoipenda kuliko zote ni The Proud Valley ya mwaka 1940, iliyoongozwa na Pen Tennyson. Robeson ni baharia asiye na kazi anayefika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, akapokelewa kwa sababu ya besi yake, kwaya ya kijiji ikiwa na pengo. Mchimbaji mmoja anapolalamikia rangi yake, anajibiwa kwamba chini mgodini wote ni weusi. Neno hilo halikutoka hewani. Robeson alikuwa rafiki wa wachimbaji wa Wales tangu mwisho wa miaka ya 1920, alipokutana na kundi lao waliotembea kwa miguu hadi London kudai kazi na chakula, naye akaimba pamoja nao. Kwenye filamu hii haigizi heshima. Mtazame anavyokaa mezani na familia ile: mabega yameshuka, mikono imetulia, hatabasamu pasipohitajika. Ulinganishe mwili huo na ule wa Bosambo. Kwangu, hapo ndipo alipokuwa mwigizaji mkubwa wa filamu, kwa dakika hizo alizoachwa akae kimya. Lakini hata humo ni yeye anayejitoa kufa ili wenzake waokoke mgodini, na mwisho wa hadithi, uliokuwa wa wachimbaji kuuteka mgodi wao, ulilainishwa kwa sababu vita vilikuwa vimeanza na taifa lilitakiwa kuwa kitu kimoja. Mkasi tena.

Mwaka 1942 Hollywood ikamalizia. Tales of Manhattan ilikuwa filamu ya visa vifuatanavyo, na Robeson pamoja na Ethel Waters waliwekwa kwenye kisa cha mwisho, wakulima maskini weusi wanaookota koti lililojaa fedha kutoka angani na kulipokea kwa kuimba na kumshukuru Mungu. Aliamini angeweza kuibadilisha kutoka ndani, akashindwa. Ilipotoka alisema hadharani kwamba kama watu wataandamana kuipinga, na yeye atasimama nao. Alikuwa na umri wa miaka 44, kilele cha sauti na cha mwili. Hakucheza tena filamu ya hadithi. Wapo wanaosema serikali ilimfukuza kwenye sinema. Tarehe zinasema aliiacha mwenyewe, miaka minane kabla serikali haijamgusa.

Alikwenda mahali pasipo na mkasi. Oktoba 1943, Broadway, New York, alipanda jukwaani kama Othello, akicheza na Uta Hagen na José Ferrer. Maonyesho 296, ambayo Broadway ilikuwa haijawahi kuyafikia kwa tamthilia ya Shakespeare. Jukwaani, mwigizaji akitamka sentensi imekwisha kutamkwa, hakuna wa kuirudisha kinywani wala kuibandika pengine. Walipozunguka miji mingine alikataa kucheza palipotenganishwa viti vya weusi na weupe. Kwenye matamasha alifanya vilevile na wimbo wake maarufu kuliko yote, Ol' Man River. Kwenye filamu ya Show Boat ya mwaka 1936 aliuimba ulivyoandikwa, maneno ya mtu aliyechoka kuishi. Mbele ya watu, miaka ya baadaye, aliyabadili maneno hayo yakawa ya mtu anayepigana mpaka kufa. Wimbo uleule, mto uleule, ila sasa mwimbaji ndiye mwandishi.

Hapo ndipo alipoonekana wa hatari. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, chombo cha Wamarekani weusi kilichopigania uhuru wa makoloni wakati ambapo wengi wao walikuwa hawajaiwazia Afrika, na kilichoitetea Kenya siku za hali ya hatari, yule mwenzake wa Shepperton akiwa amefungwa. Machi 1950 televisheni ya NBC ilifuta kipindi alichokuwa ameandaliwa. Mwaka huohuo alinyang'anywa pasipoti, na mahakamani mawakili wa serikali walitaja, miongoni mwa sababu zao, kwamba kwa miaka mingi amekuwa akipigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Kumbi zikafungwa. Kitabu kimoja cha kumbukumbu za mpira wa Kimarekani kikachapisha timu bora ya mwaka 1918 ikiwa na wachezaji 10 badala ya 11. Alipoitwa mwaka 1956 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti na kuulizwa kwa nini hakubaki Urusi, alijibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa na watu wake walikufa wakiijenga Marekani, hivyo atabaki na kuwa na sehemu yake.

Lazima pia nilisema hili, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nampenda. Juni 1949 Robeson alikuwa Moscow. Rafiki yake Solomon Mikhoels, mwigizaji mkubwa wa Kiyahudi, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Itzik Feffer, mshairi, alikuwa kizuizini, na baadaye alipigwa risasi. Katika tamasha lake Robeson aliwataja wote wawili na kuimba kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wimbo wa wapiganaji wa mageto, mitaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, jambo lililohitaji moyo mbele ya watu wale. Kisha akarudi Marekani, akaulizwa kuhusu mateso ya Wayahudi wa Urusi, akayakana. Aliogopa kuwapa silaha maadui wa watu wake, hilo naelewa. Lakini mtu aliyeumizwa maisha yote na waliokata ukweli wakaacha kipande kinachowafaa, hapo mkasi aliushika yeye.

Pasipoti aliipata tena mwaka 1958. Afya ilikuwa imekwisha anza kuvunjika. Desemba 1963, mwezi ambao Kenya ilipandisha bendera yake na Kenyatta akiwa waziri mkuu, Robeson alirudi nyumbani Marekani kutoka Ulaya, mgonjwa, na hakupanda tena jukwaani kama zamani. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Lakini kabla ya pasipoti kurudi kulikuwa na jioni moja ya Oktoba 1957. Wachimbaji wa Wales walikuwa wamemwalika kwenye tamasha lao la Porthcawl, naye haruhusiwi kuvuka bahari. Basi akaingia studio New York, wakamuunganisha kwa waya wa simu uliopita chini ya Atlantiki, na kule ukumbini maelfu ya watu wakakaa mbele ya vipaza sauti. Hakukuwa na picha, mavazi wala kijiji cha kujengwa. Akawasalimu, akaimba. Alipomaliza, kwaya ya wanaume wa Treorchy ikamwimbia yeye, na huko New York akasimama peke yake na simu, akisikiliza.